Mmebanwa, Jisaidieni: Tashtiti ya Wanafunzi na Lugha ya Kuombea Fedha

Utangulizi

Makala haya yanahusu matini ambayo wahakiki wetu hawajazoea kuihesabu miongoni mwa matini, nayo ni ombi la fedha. Tahakiki za tamthilia ya Kiswahili tunazo nyingi, na za filamu zimeanza kupatikana. Lakini zile kurasa nne au tano ambazo huandikwa kabla ya kamera kuwashwa, zikapelekwa kwa mfadhili, kwa jamaa na kwa afisa wa leseni, hutupwa mara fedha zinapopatikana au zinapokosekana. Upungufu huu si mdogo. Shairi laweza kutungwa na mtu aliyekaa peke yake na kalamu yake. Filamu haina budi iombewe. Nalo linalosemwa wakati wa kuomba halibaki katika karatasi ya kuombea. Huingia ndani ya kazi, likachagua mandhari, likapunguza wahusika, na aghalabu likaamua ni nani atakayechekwa.

Hali hii huwa nzito zaidi pale kazi yenyewe inapokuwa tashtiti na dhamira yake inapokuwa ukandamizaji. Mwenye kuomba hujinyenyekeza. Mwenye kutunga tashtiti hukataa kunyenyekea. Je, mtu mmoja anaweza kuyafanya yote mawili katika juma moja, kwa kalamu moja, bila kazi yake kupasuka mahali fulani?

Swali hili sikulipata vitabuni. Wanafunzi watatu, wote wakaazi wa Kawangware, waliniletea mswada wa filamu fupi ya dakika 11 pamoja na ombi la fedha, wakitaka niwaandikie barua ya kuwatambulisha kwa wafadhili. Filamu bado haijapigwa, kwa hiyo sitaitaja kwa jina, wala wao sitawataja. Wameniruhusu niijadili kazi yao, na sharti lao pekee lilikuwa nisiifanye ionekane bora kuliko ilivyo. Nilisoma mswada kwanza nikacheka peke yangu ofisini. Kisha nikasoma ombi, nikajiuliza kama kweli karatasi hizi mbili zilitoka katika mkono mmoja.

Mswada

Kisa ni chepesi. Choo cha umma chenye vyumba vinne kimejengwa katikati ya mtaa, kikapakwa rangi, kisha kikatiwa kufuli kungojea mgeni rasmi aje kukifungua. Mgeni rasmi ana shughuli nyingi. Miezi inapita. Askari amewekwa kulinda choo dhidi ya wenye haja. Ubaoni, juu ya mlango, yameandikwa majina ya wafadhili kwa herufi kubwa, na ubao wenyewe ni mrefu kuliko jengo. Ufunguo uko kwa mwenye ploti, ambaye anadai kodi ya kufuli kwa kila mwezi ambao choo hakijafunguliwa. Hatimaye mgeni rasmi anafika, na mkasi wa kukatia utepe unaletwa juu ya mto mdogo wa hariri. Anahutubu. Anaendelea kuhutubu. Jua linapanda, soda alizokunywa zinafanya kazi yake, naye mwenyewe anabanwa. Mwenye ploti hayupo. Ameenda mazishini, na ufunguo uko mfukoni mwake.

Kilele cha mswada kinakuja pale mgeni rasmi, akiwa amekunja uso, anaponong'ona kwamba wampe basi mfuko wa plastiki, kama walivyokuwa wakifanya watu wa mtaa siku zote. Bibi mmoja mkongwe anamkumbusha kwa heshima zote kwamba mifuko hiyo ilipigwa marufuku na serikali tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kwamba anayepatikana nayo hutozwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au hufungwa. "Tunaogopa sheria, Mheshimiwa," anasema. Bibi huyu hana maneno mengine katika filamu nzima, na hayahitaji.

Ingekuwa rahisi kumaliza uhakiki kwa kumtaja Bakhtin na kusema kwamba mwili wa chini umemshusha mtawala hadi ardhini. Ni kweli umemshusha, lakini vichekesho vya aina hiyo hupatikana hata katika vipindi vya televisheni visivyo na dhamira yoyote. Kinachoipa kazi hii uzito ni lugha. Wanafunzi wameujenga mswada wao juu ya vitenzi viwili vya Kiswahili. Cha kwanza ni kubanwa. Mgeni rasmi anapoanza hotuba kwa kusema kwamba anajua jinsi wananchi walivyobanwa, yeye anazungumzia bei ya unga. Umati unaopisha miguu mmoja juu ya mwingine unamwelewa kwa namna yake. Cha pili ni kujisaidia. Hotuba yote ni mawaidha ya kujitegemea: wananchi wasingojee serikali, wananchi wajifunze kujisaidia, taifa hili lilijengwa na watu waliojisaidia. Nyuma yake mlango una kufuli.

Hatuna haja ya kueleza zaidi, na mzungumzaji yeyote wa Kiswahili ameshacheka. Ila ifahamike kwamba tamathali hizi mbili hazikubandikwa juu ya dhamira kama pambo. Ukandamizaji kwa Kiswahili ni tendo la kukandamiza, yaani kusukumiza chini kwa uzito; anayekandamizwa amebanwa. Na itikadi ya kujisaidia, ambayo katika Kenya iliitwa Harambee tangu uhuru wa 1963, ndiyo iliyotumiwa kwa miongo mingi kuwaambia waliobanwa kwamba dawa iko mikononi mwao. Lugha yenyewe ilikwisha kuikutanisha siasa na choo. Wanafunzi walikuwa na masikio ya kusikia.

Northrop Frye, katika Anatomy of Criticism (1957), alidai kwamba tashtiti haisimami bila mambo mawili: ucheshi wenye chembe ya njozi au kioja, na shabaha ya kushambuliwa. Kioja tumekiona. Shabaha za mswada huu ni tatu, na zimeshikana: mgeni rasmi, mwenye ploti, na ubao wa wafadhili. Tuzikumbuke tatu hizi tunapoligeukia ombi.

Ombi

Ombi limeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa wafadhili husoma Kiingereza. Linaanza kwa Kibera. Linasema kwamba Kibera ni mtaa wa mabanda mkubwa kupita yote Afrika, kwamba watu milioni moja wanaishi humo, kwamba filamu itawapa sauti wasio na sauti. Choo kimo, lakini sasa ni choo cha kusikitisha. Mgeni rasmi amekuwa afisa mla rushwa asiye na sura. Bibi mkongwe amekuwa mjane anayewalea wajukuu yatima. Mwenye ploti ametoweka, na ufunguo sasa uko "kwa wenye mamlaka". Ubao wa majina umefutwa kabisa.

Yaani shabaha mbili kati ya tatu zimeondolewa, na iliyobaki imetiwa ukungu. Niliwauliza wanafunzi kuhusu ubao. Mmoja wao alinijibu kwa utulivu: "Mwalimu, huwezi kwenda kwa mtu kumwomba pesa ya kumcheka." Jibu hili lina busara yake, na sitajifanya kwamba ningejibu vingine katika umri wao.

Tuanze na idadi. Chuku ni tamathali halali ya tashtiti. Ubao mrefu kuliko jengo ni chuku. Milioni moja ya Kibera nayo ni chuku, ila imevaa nguo za takwimu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 katika Kibera, na hata tukikubali kwamba sensa za mitaa kama hiyo huwa na mianya, mwanya hauwezi kuwa wa watu laki nane. Lakini tofauti ninayoitaka si ya hesabu. Chuku ya mswada inamkuza mwenye nguvu hadi anakuwa kichekesho. Chuku ya ombi inawakuza wanyonge hadi wanakuwa bahari ya nyuso ambamo hakuna bibi mmoja anayeweza kufungua kinywa akataja tarehe ya sheria na kiasi cha faini. Ndiyo maana ombi linahitaji kuwapa sauti: limekwisha kuwanyang'anya.

La pili ni mahali. Mswada wa awali hautaji mtaa kwa jina, lakini matatu ya namba 46 inapita nyuma ya umati, na kwa mkaazi wa Nairobi hiyo ni anwani tosha ya Kawangware. Kwa nini basi Kibera? Sababu inajulikana, nayo ina historia ya filamu ndani yake. The Constant Gardener (2005) ilipigwa kwa sehemu huko. Mwaka uliofuata ikatoka Kibera Kid ya Nathan Collett, filamu fupi ambamo wakaazi wenyewe waliigiza, na kutokana na juhudi hizo kukazaliwa Hot Sun Foundation na shule ya filamu ya Kibera, ambayo imewafunza vijana wengi kushika kamera. Soul Boy ya Hawa Essuman, iliyoandikwa na Billy Kahora, ilifuata 2010, na mwaka huo huo Togetherness Supreme. Sizidharau kazi hizi. Soul Boy hasa ni filamu yenye heshima kwa mtaa wake, na inamruhusu mtoto wa Kibera kuwa shujaa wa ngano badala ya mfano wa taabu. Hata hivyo, matokeo ya miaka hiyo yote ni kwamba Kibera imekuwa neno ambalo mfadhili analisoma bila kuhitaji maelezo. Anaona reli, anaona mabati yenye kutu yaliyopigwa picha kutoka mlimani. Kawangware haina picha ya namna hiyo. "Tukiandika Kawangware," waliniambia, "hakuna anayefika ukurasa wa pili."

Mtu anaweza kusema kwamba hii ni jambo dogo, kwani choo chenye kufuli ni kile kile popote kilipo. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanafunzi wangu. Ardhi ya Kibera ni ya serikali. Mkaazi wa pale anapolala huwa na hofu ya tingatinga, na hofu hiyo si ya bure, kwani Julai 2018 maelfu ya watu walibomolewa nyumba na shule zao ili barabara ipite. Uso wa ukandamizaji katika Kibera una mhuri wa serikali. Kawangware, iliyomo Dagoretti, sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu binafsi. Anayembana mpangaji ni mwenye ploti, na mwenye ploti yuko hapo hapo. Husali naye kanisa moja, huchangia mazishi, hujua watoto kwa majina, na tarehe tano ya mwezi huondoa mlango wa asiyelipa. Tashtiti ya Kawangware haina budi imcheke jirani. Ukiihamishia Kibera unabadili mkandamizaji, na kwa kuwa mkandamizaji mpya hana uso wala jina, kicheko hakina pa kutua. Kutoweka kwa mwenye ploti katika ombi si ajali ya uhariri. Ni matokeo ya kuhama mtaa.

Jadi ya tashtiti ya Kiswahili imelitatua tatizo la mahali kwa njia nyingine kabisa. Shaaban Robert aliibuni Kusadikika (1951) katika zama za ukoloni, nchi isiyo kwenye ramani ambayo kila msomaji aliitambua. Kithaka wa Mberia ana Butangi yake katika Kifo Kisimani, Timothy Arege ana Cheneo katika Mstahiki Meya. Katika filamu, Bob Nyanja aliibuni nchi ya Nakara katika The Captain of Nakara (2012), akikichukua kisa cha Kijerumani cha Wilhelm Voigt, fundi viatu aliyevaa sare ya kapteni mwaka 1906 na kuitwaa hazina ya mji wa Köpenick, ambacho Carl Zuckmayer alikifanya tamthilia mnamo 1931. Jina la kubuni humlinda mtunzi na humpa msomaji kazi ya kufanya: yeye ndiye anayejaza jina la kweli, na kwa kulijaza anakuwa mshiriki. Ombi la fedha linadai kinyume chake. Linataka jina la kweli lililokwisha kujulikana, na kisa cha kubuni cha kuliridhisha jina hilo.

La tatu ni lugha. Katika ombi, kubanwa kumegawanyika kuwa vitenzi viwili vya Kiingereza visivyojuana, na kujisaidia vivyo hivyo. Hotuba ya mgeni rasmi, ambayo katika mswada ndiyo moyo wa filamu, imefupishwa kuwa sentensi moja inayosema kwamba afisa anatoa hotuba ndefu isiyo na maana. Isiyo na maana! Ina maana mbili, na zote mbili zimepotea. Sembene Ousmane alikutana na jambo la aina hii alipotengeneza Mandabi (1968): fedha za Ufaransa zilikuja na sharti la kuwapo kwa toleo la Kifaransa, naye akaipiga filamu mara mbili, kwa Kiwolofu na kwa Kifaransa. Wanafunzi wetu hawana uwezo wa kupiga mara mbili. Mfadhili akikubali, atakuwa amekubali filamu iliyo katika ombi.

Nakiri kwamba barua ya kuwatambulisha niliiandika, kwa Kiingereza, na ndani yake nikaandika Kibera.

Harambee na utani

Wasomaji wengine watauliza kwa nini wanafunzi wasichangishe fedha nyumbani. Swali ni zuri, lakini tusilijibu kwa haraka ya kizalendo. Harambee ya Kenya, kama tulivyoizoea, ni sanaa ya maonyesho yenye kanuni zake. Kuna jukwaa, kuna mgeni rasmi, kuna mshereheshaji anayesoma kila jina pamoja na kiasi chake, na kuna ile fomula maarufu ya "Mheshimiwa pamoja na marafiki zake" ambayo marafiki hao hawajawahi kuonekana. Anayetoa hununua sifa papo hapo, mbele ya mashahidi. Katika miaka ya Moi machifu walikusanya kwa kadi, na kukataa kuchanga kulikuwa na gharama yake. Ni vigumu kufikiria jinsi filamu inayomcheka mgeni rasmi ingechangiwa katika hafla ambayo haiwezi kuanza kabla mgeni rasmi hajafika. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003 ilijaribu kuwazuia maafisa kuchangisha, na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, rais alitangaza marufuku dhidi ya watumishi wa umma kushiriki harambee. Kwamba marufuku ilihitaji kutangazwa tena baada ya miaka 21 ni tashtiti ambayo haihitaji mtunzi.

Upo mfano mwingine. Katika Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi, wakaiigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa lugha yao. Maonyesho yalianza Oktoba. Katikati ya Novemba leseni ikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Machi 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Kisa hiki tumezoea kukitaja kama kisa cha lugha na cha siasa. Ni kisa cha bajeti pia. Waliochanga mbao na siku za kazi ndio walioketi kusikiliza mazoezi, wakamsahihisha mwandishi pale mzee wa tamthilia alipozungumza kama kijana. Mchango wao ulikuja na haki ya kusahihisha.

Nadhani Kiswahili kina neno la uhusiano huu kuliko nadharia tunazoazima, nalo ni utani. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtani ana ruhusa ya kukudhihaki hata msibani, mbele ya maiti, na hukumkasirikia. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayechimba kaburi na kubeba jeneza. Dhihaka na mchango hutoka mkono mmoja, na kesho wewe utafanya vivyo hivyo kwake. Mfadhili si mtani. Hutoa bila kudhihakiwa na hupokea shukrani bila kujibiwa. Said Ahmed Mohamed aliliona hili mapema katika Amezidi (1995), ambamo Ame na Zidi wanakaa katika pango lao wakiishi kwa misaada; hawa wawili wanachekesha, lakini kicheko kinamgusa pia anayewaletea. Sifahamu kazi nyingi baada ya hapo zilizodiriki kumweka mfadhili jukwaani.

Kipindi cha vikaragosi cha The XYZ Show, kilichoanzishwa na Gado na kuonekana katika Citizen TV tangu 2009, kinaweza kutolewa kama hoja dhidi yangu. Kilikuwa na fedha za wafadhili wa nje, Ford Foundation mmoja wao, na kiliwacheka wanasiasa wakubwa wa nchi kwa ukali ambao kizazi cha kabla yake kisingeuota. Naikubali hoja hiyo nusu. Fedha za mbali humpa mtunzi uhuru dhidi ya mtawala wa karibu, na katika nchi ambayo watangazaji wa biashara huogopa simu kutoka juu, uhuru huo si haba. Lakini kikaragosi cha rais kinahitaji mtawala anayejulikana na kila mtu. Mwenye ploti wa Kawangware hawezi kuwa kikaragosi cha taifa. Anajulikana na nyumba 40 tu, na ndizo zinazoweza kumcheka.

Msomaji wa pili

Yuko msomaji mwingine wa ombi, ambaye hana fedha za kutoa. Sheria ya Filamu na Maigizo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa katika miaka ile ya mpito kuelekea uhuru, inamtaka anayeomba leseni ya kupiga filamu awasilishe maelezo ya maonyesho yote pamoja na maneno yote yatakayosemwa. Sheria hii haikuwa maandishi makavu: Oktoba 2014 mtayarishaji wa Stories of Our Lives alikamatwa Nairobi kwa kupiga filamu bila leseni, na 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku kabla mahakama haijairuhusu ionyeshwe kwa siku saba. Na Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa wakihusishwa na filamu ya BBC juu ya mauaji ya waandamanaji wa Juni 2024, kisha wakaachiliwa.

Kwa mwandishi wa tashtiti jambo hili lina athari za kifani. Tashtiti hutegemea kile ambacho hakikuandikwa: toni, kunyamaza, jicho la askari. Wanafunzi wamegundua kwamba maneno ya bibi mkongwe, yakisomwa ofisini, ni ya raia mwema anayeitii sheria. Yakisemwa mbele ya choo ni jambo jingine. Kwa hiyo Sura ya 222 imewafundisha, bila kukusudia, kuandika kejeli badala ya matusi, na kuna kurasa za mswada ambazo zimeboreka kwa sababu hiyo. Wafadhili, kwa upande wao, hawakuwafundisha chochote, kwani walichoomba ni kuelezwa kila kitu. Sitaki kuufanya mkasi wa serikali uonekane mwema. Nasema tu kwamba mswada ulimficha afisa meno yake, na ombi likayang'oa.

Kikao cha Kawangware

Baada ya wafadhili wawili kutojibu na wa tatu kujibu kwa maneno mazuri, wanafunzi walikodi chumba kimoja Kawangware wakausoma mswada kwa sauti, kiingilio shilingi 50. Niliketi nyuma. Waliosoma walikuwa na karatasi mkononi. Choo kilikuwa kabati. Hadhira ilicheka mapema kuliko ilivyotarajiwa, kwenye neno la kubanwa, na ikacheka tena kabla msomaji hajamaliza sentensi ya kujisaidia, kwa kuwa ilikwisha kujua linakokwenda. Kisha ikaanza kusahihisha. Mama mmoja muuza mboga alisema kwamba askari wa kulinda choo hawezi kusimama bure. Lazima awe anaruhusu watu nyuma kwa shilingi kumi. Kijana mmoja aliuliza ubao wa wafadhili uko wapi, maana kila choo alichowahi kukiona kina ubao. Wanafunzi walitazamana. Toleo walilokuwa wakisoma ni lile lililosafishwa kwa ajili ya ombi.

Augusto Boal angefurahi, lakini nisiifanye jioni ile kuwa nzuri kupita ilivyokuwa. Fedha zilizopatikana mlangoni, na zilizotumwa kwa M-Pesa siku zilizofuata, hazikufika sehemu ya kumi ya bajeti. Wapo watakaosema kwamba mitandao ya simu imelimaliza tatizo hili, na watakumbusha kwamba katika siku chache za mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai 2024 Wakenya walichanga karibu shilingi milioni 30 kwa ajili ya majeruhi na familia za waliouawa katika maandamano. Hao walichangia damu iliyokwisha kumwagika. Kumwomba mtu yule yule shilingi 100 kwa ajili ya kicheko ambacho bado hakijapigwa picha ni kazi nyingine, na lugha yake hatujaitunga.

Wala mchango wa karibu hauna usafi wa kuzaliwa. Mwishoni mwa kikao alisimama mzee mmoja, mwenye ploti mbili katika mtaa huo, akawapongeza wanafunzi, akawaita vijana wake, akaahidi kiasi ambacho kilizidi viingilio vyote pamoja. Kisha akaomba jambo dogo: yule mwenye ploti wa filamu awe mtu wa kutoka mtaa mwingine. "Hata Kibera," alisema, na chumba kizima kikaangua kicheko, naye akacheka pia, ingawa kwa kuchelewa kidogo.

Nilipokutana nao juma lililofuata walikuwa wamerudisha ubao, wakampa askari shilingi kumi zake, na wakaandika ombi jipya la kurasa mbili kwa Kiswahili, ambalo linaanza kwa kufuli na wala halitaji idadi ya watu. Ni matini bora zaidi kati ya zote nilizosoma katika mlolongo huu, na sijui ni nani atakayelilipia. Fedha za mzee hawakuzikataa wala hawakuzipokea. Walimwendea nyumbani, wakamsalimu, wakamwambia: "Mzee, tunakuomba wewe ndiye uigize mwenye ploti." Alinyamaza kwa muda mrefu, akaagiza chai, kisha akasema kwamba angependa kwanza ayaone maneno yote atakayosema.